Siku Kuramochi Alipomvika Mwingine Vazi Lake

Kuramochi Yasuji amepata riziki yake kwa kutoonekana. Wenzake wanaingia kwenye filamu ili sura zao zijulikane mpaka kwa wauza samaki. Yeye aliingia akavalishwa vazi la roboti, akafungwa zipu mgongoni, akaambiwa apigane. Amekuwa joka la baharini, amekuwa shujaa wa rangi zote, na mwaka mmoja wa dhiki alikuwa hata kopo la juisi lenye miguu. Hapa Nerima, mtaani kwetu karibu na studio, kila mtu anamjua. Ukipanda treni vituo viwili tu, ni mzee wa kawaida mwenye mabega mapana na kiuno kibovu.

Mtu wa ndani ya vazi hasemi. Sauti hutiwa baadaye na mwingine, mwenye koo lililolelewa kwa asali, na huyo ndiye anayepigiwa makofi. Uso nao umefunikwa. Kinachobaki ni shingo, mabega na mikono, na hapo Kuramochi hakuwa na mpinzani. Alikuwa na namna ya kuinamisha kichwa iliyokufanya uone roboti linaona haya, na namna nyingine, sentimita chache tu tofauti na ile, iliyokufanya uone linafiwa. Waongozaji walimgombea. Nyumbani, hata hivyo, kipaji hicho kilikuwa balaa. Mkewe Kinue akimuuliza kama mchuzi umekolea chumvi, anajibiwa kwa shingo. Akimuuliza kama anampenda ama vipi, shingo.

"Mume wangu anao mdomo," Kinue aliwaambia majirani, "ila anautumia kwa wali tu."

Alilisema kwa kucheka, na majirani walicheka. Binti yao Chinatsu hakuwa akicheka.

Kinue aliugua tumbo, akapangiwa upasuaji. Siku hiyo Kuramochi alikuwa kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji, ndani ya vazi, akisubiri kulipuliwa. Walimletea habari kwamba mkewe anaingizwa sasa hivi, kwamba binti anauliza baba yuko wapi. Kulivua vazi lile kulihitaji watu wawili na muda mrefu, jua lilikuwa linatua, na baruti ilishatandazwa. Aliinua mkono: tumalize hii kwanza. Wakamaliza, ikatoka vizuri sana, na Kinue hakuamka tena kutoka kwenye dawa ya usingizi. Kwenye mazishi Kuramochi aliwainamia wageni mmoja baada ya mwingine, kwa ustadi, shingo ikisema yote yanayotakiwa kusemwa na mfiwa. Chinatsu alimtazama mpaka akachoka.

"Hata leo, baba," alimwambia mbele ya watu. "Hata leo hujavua."

Akamchukua mumewe Moriwaki na mwanawe Ibuki, wakaondoka. Hakumpigia simu tena, wala Kuramochi hakupiga. Mimi nasema alikosea, lakini wanaume wa umri wake hapa kwetu wamekosea hivyo kwa maelfu, na wengi wamekufa wakiona walikuwa na subira.

Ndipo ikaja filamu hii. Ilikuwa ya mambo ya baadaye na ya ngumi nyingi. Watu wa mji mzima wamejifungia majumbani, wamelala kwenye viti na waya kichwani, na roboti zao ndizo zinazotoka: zinakwenda kazini, zinachumbia, zinagombana, zinahudhuria misiba. Anatokea mwizi anayeteka roboti za wenzake na kuzitumia kuvunja mabenki. Askari mmoja anamsaka juu ya mapaa na ndani ya moto bila yeye mwenyewe kunyanyuka kitini. Askari alikuwa kijana wa nyusi nzuri, kipenzi cha wasichana. Alilala kitini siku zote za upigaji picha na mara moja alikoroma kweli. Roboti lake alikuwa Kuramochi.

Katikati ya zile ngumi zote kulikuwa na kipande kifupi. Roboti linarudi nyumbani limeungua, mke wa askari analifungulia mlango. Maandishi yalisema tu kwamba linaingia. Kuramochi alisimama kizingitini, akavua kiatu kwa kukikanyaga kisigino, akavua cha pili, akachutama akaviweka sawa, ncha zikitazama nje. Kisha akabaki amechutama, mgongo kwa mwanamke, muda kidogo kuliko inavyohitajika, kama mtu mwenye neno la kusema lakini halipati. Mwongozaji alifuta miwani.

Wiki ya pili ya filamu kuonyeshwa, Hatano alikuja mbio nyumbani kwa Kuramochi. Hatano ni mwanafunzi wake, mwanaume mzima wa makamo, mwenye mke na kipara kinachoanza, aliyefundishwa na Kuramochi tangu nywele zake zikiwa nyingi. Chinatsu amemjua tangu utotoni.

"Mwalimu, kanipigia simu."

"Nani?"

"Nani mwingine? Chinatsu! Kaiona filamu. Anasema alipoona vile viatu vikipangwa kama unavyovipanga wewe nyumbani, alilia mpaka mtoto akaona aibu."

Kuramochi akashika kikombe cha chai, akakizungusha.

"Anakuja Jumapili," Hatano aliendelea, "kule duka kubwa la Ikebukuro, kwenye kupeana mikono na roboti. Atapanga foleni na watoto. Anasema ana jambo la kukuambia, na hataki kukuambia hapa. Anataka kukuambia ukiwa ndani ya vazi. Kasema, nisamehe mwalimu, kasema ndani ndiko baba anakosikiliza."

"Kasema hivyo?"

"Neno kwa neno."

Mzee yule alifurahi hadi akawa hafai. Alifua glavu za roboti kwa mkono wake mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida ni ya Hatano, akazianika dirishani na kuzigeuza kila mara. Alikwenda kunyoa. Hatano alimtania: anyoe kwa ajili ya nani, na kichwani atavaa chuma? Kuramochi alicheka kwa sauti, jambo ambalo Hatano hakuwa amelisikia tangu msiba.

Jumapili ilipofika, ukumbi wa juu wa lile duka kubwa ulijaa watoto. Muziki wa filamu ulipigwa kwa nguvu na foleni ilizunguka mpaka kwenye ngazi. Nyuma ya pazia, Kuramochi alikuwa amekwisha kuingiza miguu kwenye vazi. Alisogeza pazia kidogo kutazama, na akamwona. Chinatsu alikuwa amekata nywele fupi. Alikuwa ameegemea mguu mmoja, mkono kiunoni, akimfuta Ibuki pua, na kwa mkao ule alikuwa Kinue mtupu, Kinue wa miaka ya nyuma anayesubiri basi. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anajizoeza maneno.

Kuramochi akaachia pazia. Akaketi juu ya boksi la barafu, akaanza kuvua miguu.

"Vaa wewe," alimwambia Hatano.

"Nini?"

"Kiuno changu. Kimekaza."

"Mwalimu, asubuhi ulipanda ngazi mbili mbili!"

"Nimesema kimekaza."

"Mwanao yuko pale! Amekuja kwa ajili yako, hakuja kwangu. Acha utani jamani."

"Hatano. Vaa."

Kilikuwa ni woga, na sina sababu ya kuupamba. Mtu aliyerukia kwenye moto wa baruti mara zisizo na idadi alimwogopa mwanamke aliyebeba mfuko wa nguo za akiba za mtoto na chupa ya chai ya shayiri. Aliogopa kwamba atamwambia mambo ya mama yake, na kwamba humo ndani hakuna pa kukimbilia. Hatano alivaa. Kuramochi akamfunga zipu, akamwekea kichwa, akamwashia feni ndogo ya kupozea uso. Mwanafunzi akatoka kwa mwendo wa mwalimu wake, bega la kushoto likitangulia, na hakuna hata mmoja ukumbini ambaye angeapa kwamba huyu si yule.

Sasa, kazi hii ina miiko yake. Ukiwa ndani husemi. Mbele ya watoto huvui kichwa hata ukizimia. Na upo mwiko wa tatu, ambao Kuramochi mwenyewe alimkomalia Hatano kwa miaka: usiposikia unachoambiwa, itikia polepole, itikio lile la kiapo, kidevu mpaka kifuani. Mtoto asije akaenda zake akidhani shujaa wake ni kiziwi.

Kutoka nyuma ya pazia Kuramochi aliona yote. Alimwona Chinatsu akiushika mkono wa chuma kwa mikono yake miwili. Alimwona akisema, akinyamaza, akisema tena, watoto nyuma yake wakianza kusukumana. Aliona roboti likiinamisha kichwa taratibu, kidevu mpaka kifuani. Chinatsu alijifuta macho kwa kiganja, akacheka. Ibuki akakumbatia goti la roboti. Kisha wakaenda. Kuramochi akajikuta anatabasamu peke yake gizani. Mambo yamekwisha, alijiambia, na yamekwisha vizuri, na hakuna aliyeumia.

Hatano alipovuliwa kichwa, jasho lilimtiririka, naye hakuwa anatabasamu.

"Kasema nini?" Kuramochi alimuuliza.

"Sijui."

"Hujui vipi? Amesema nusu saa!"

"Muziki, mwalimu. Na feni inanguruma masikioni. Nimesikia 'baba', basi. Mengine nimeona mdomo tu."

"Lakini umeitikia!"

"Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Kuramochi akaketi tena kwenye boksi la barafu, na safari hii kiuno kilimuuma kweli.

Kesho yake jioni simu ililia. Alipoiona namba ya binti yake aliitazama kwanza, kisha akapokea.

"Baba." Sauti ilikuwa nyepesi. "Asante. Sikutegemea utakubali upesi vile."

"Mm."

"Basi ni Alhamisi, kama nilivyosema. Tarehe yenyewe unaijua. Usichelewe, baba, tafadhali. Nitakuwa nakuangalia."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Alihitaji kuuliza neno moja, wapi, na neno hilo lingemwambia Chinatsu kwamba aliyepokea maneno yake ni mtu mwingine, huku baba yake akichungulia. Kuramochi alifungua mdomo.

"Sitachelewa," akasema.

Hatano aliposikia alishika kipara chake kwa mikono miwili. "Mpigie! Mpigie sasa hivi umuulize."

"Nimuulize halafu aseme nini?"

"Aseme wewe ni mwoga! Kwani ni uongo? Atakasirika, atatukana, halafu atakuambia ni wapi. Au nipige mimi."

"Ukimpigia, usiniite mwalimu tena."

Wakaanza kukisia kama wazee wawili wanaotafuta miwani. Alhamisi ile ndiyo tarehe aliyofariki Kinue. Ilikuwa wazi basi, Kuramochi aliamua: binti anataka wakutane kaburini, wamfukizie mama ubani pamoja, waanze upya. Kwa kweli ilileta maana. Mimi mwenyewe ningekisia hivyo. Kadiri alivyolifikiria ndivyo alivyoliamini, na kufikia Jumatano hakukumbuka tena kwamba ni makisio.

Alhamisi alfajiri alivaa suti nyeusi ya msiba na tai nyeusi, akanunua maua na zile keki za mchele alizozipenda Kinue, akafika hekaluni, penye makaburi, kabla mtawa hajamaliza kufagia. Akaosha jiwe, akawasha ubani. Kila miguu iliposikika kwenye changarawe aligeuka. Alikuwa na maneno, safari hii: aliyatunga ndani ya treni, akayasema kwa sauti mbele ya kaburi ili mdomo uzoee. Ubani ukaisha akawasha mwingine. Jua likapanda. Hakuja mtu.

Karibu na adhuhuri simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa Moriwaki, mkwewe.

"Mzee, uko salama? Tumekuwa na wasiwasi."

"Niko salama. Mko wapi?"

"Tuko hospitali. Chinatsu ametoka chumba cha upasuaji. Daktari anasema uvimbe wote wameutoa, mambo yamekwenda vizuri, usihofu. Ila... alikusubiri, mzee. Alikuwa anaogopa sana, tarehe hii, hospitali ile ile ya mama. Alisema akikuona umesimama pale mlangoni hataogopa. Walipoanza kumsukuma aliwaomba wasubiri kidogo. Aliwaambia baba yangu anakuja, ameniahidi. Wakasubiri kidogo. Halafu ikabidi waingie."

Kuramochi hakukumbuka alivyofika. Alijikuta kwenye ukumbi wa wagonjwa wa upasuaji, amevaa nyeusi tupu, ananuka ubani wa makaburini, na watu kwenye viti wakimkwepa macho kwa hofu, maana nani huja hospitali amevaa hivyo? Muuguzi mmoja alitoka nusu mbio. Moriwaki, mtu mwema, alimvuta pembeni akamvua tai kwa mkono wake, akamkunjia koti lile ndani kwa nje.

Alasiri walimruhusu kuingia. Chinatsu alikuwa macho, amepauka, midomo imekauka. Alivuta hewa kwa pua.

"Ubani," alisema.

"Nilikuwa kwa mama yako."

"Nilikuambia hapa. Pale mlangoni. Ukaitikia."

"Labda treni, mzee?" Moriwaki aliingilia upesi. "Asubuhi kulikuwa na matatizo ya treni, nilisikia." Hakukuwa na matatizo yoyote, alikuwa anamtupia kamba. Kuramochi aliiona kamba, na aliitamani. Lakini alimtazama binti yake, akaona kwamba uongo mwingine utamtoa chumbani humo salama na hautamrudisha tena.

"Sikuwa mimi," alisema. "Siku ile ndani alikuwa Hatano. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Niliogopa."

Chinatsu hakubadilika uso.

"Na Hatano alikuambia niliyosema?"

"Hakusikia. Muziki, na feni. Aliitikia tu. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo."

"Kwa hiyo hakuna aliyesikia."

"Hakuna."

Alianza kucheka, akashika tumbo. "Jamani, msinichekeshe, nyuzi zitakatika." Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuweza kuachia tumbo ayafute. Kuramochi alitoa kitambaa akayafuta yeye.

"Sema tena," alimwambia. "Niko hapa, Chinatsu. Sema chochote unachotaka, hata unitukane. Nisikie."

"Nilikusamehe, baba. Ndiyo niliyosema. Nilikusamehe mambo ya mama yote, na mengine ambayo wewe huyajui. Nilijizoeza bafuni siku nyingi. Nilipoyasema yalitoka yenyewe, mazuri, nikaona mwili mzima umekuwa mwepesi. Hata huo upasuaji, siku ile niliona si kitu tena."

"Basi, mwanangu..."

"Sasa nayatafuta siyaoni." Alifumba macho. "Sikunyimi. Nakuambia ukweli. Ningeyaona ningekupa."

Kuramochi akaomba radhi, kwa mdomo, kwa maneno kamili, yale ya kaburini na mengine. Alieleza juu ya machimbo, juu ya jua lililokuwa linatua, juu ya mkono alioinua. Chinatsu alisikiliza yote bila kumkatiza. Mwishoni alisema, "Asante kwa kuniambia, baba. Nenda ukabadilishe nguo."

Amepona, na anaendelea vizuri. Hawajagombana tena. Kila mwisho wa mwezi Kuramochi anaalikwa kwao chakula cha mchana, na anakwenda, na anazungumza sana siku hizi, mpaka Moriwaki husinzia. Chinatsu humpokea mlangoni kwa adabu isiyo na kasoro: karibu, baba, asante kwa kuja mbali hivi. Anamtandikia mto mzuri. Kwenye meza kila mmoja ana vijiti vyake vya kulia, vya Moriwaki vya kahawia, vya Chinatsu vyekundu, vya Ibuki vifupi vyenye picha ya roboti. Yeye huwekewa vile vilivyofungwa kwenye karatasi, viwili vilivyoungana vya kupasuliwa, vya wageni, na baada ya chakula hutupwa.

Amenunua vyake, vyeusi, vya mti mzuri. Hatano ndiye aliyemshauri: vipeleke, uviache kwenye kikombe chao jikoni, nani atakufukuza? Vimo kwenye mfuko wa ndani wa koti. Mara zote amekwenda navyo, na mara zote, Chinatsu anapoweka vile vya karatasi mbele yake kwa mikono miwili na kumwambia karibu, anashukuru, anavipasua, anakula.